Ndiyo au hapana: paka wa Waziri Mkuu, chui milia wa Sultani na kilo moja ya halua

Haya, kwa wale ambao hawakuwepo. Ijumaa iliyopita baada ya isha tulikaa barazani hapa Langoni, Amu, yaani Lamu, timu mbili, Mkomani na Langoni, mi nikiwa mtegaji, na mada ilikuwa wanyama wa viongozi, yaani marais, mawaziri wakuu, masultani, maana mpira tumeshauzungumza mpaka umetoka ladha. Sheria ni hizi: natega fumbo, mnauliza, najibu ndiyo au hapana tu, maswali ishirini, mkishindwa mnanipa mji kama kitendawili chochote. Zawadi kilo ya halua. Tuliondoka saa tano na nusu usiku lakini mchezo wenyewe mpaka leo haujaisha, simu yangu imejaa sauti za WhatsApp za watu wenye hasira, wengine nilikuwa sijui kama wana namba yangu. Nimezipunguza zikabaki saba, ntajibu moja moja.

"Lile fumbo la kwanza ulituibia mchana kweupe. Mnyama anaishi nyumba ya kiongozi halafu si wa kiongozi, huyo ni mnyama au mpangaji?" (Nahodha, Mkomani)

Nahodha, sikukuibia, ulizama mwenyewe na bahari imetulia. Fumbo lilikuwa hivi: "Kiongozi wa nchi ana mnyama nyumbani. Hakumnunua, hakuzawadiwa, na siku akitoka madarakani anamwacha hapohapo." Mkaanza. Ni mbwa? Hapana. Wa Marekani? Hapana. Afrika? Hapana. Ndege? Hapana. Ana kazi? Ndiyo. Hapo ndipo mlipotakiwa mpige breki, manake wanyama wa viongozi karibu wote kazi yao ni kulala na kupigwa picha, lakini wewe ukapaza sauti "punda!" na baraza zima likacheka, kwani hapa Amu ukisema mnyama mwenye kazi mtu haoni mwingine. Hapana. Mkauliza analipwa mshahara? Hapana. Mwenye kahawa akawa anapita na dele lake akigonga vikombe, mkamgeukia yeye, mkanisahau mimi.

Swali lililovunja fumbo liliulizwa na yule mtoto aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, ambaye kwa haki saa ile alitakiwa awe kitandani, paka mmoja kamlalia miguuni. Akauliza, "Anakamata panya?" Ndiyo. Basi hata kabla sijafunga mdomo nyinyi Mkomani mkarukia "paka wa Churchill!" Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wa zamani, alikuwa na paka kweli, Nelson na Jock wanajulikana, lakini walikuwa wake, na mi nshasema kwenye fumbo huyu anaachwa. Langoni wakameza mate, wakasema Larry, wakachukua pointi.

Larry ni paka wa 10 Downing Street, London, nyumba ya waziri mkuu wa Uingereza. Alitolewa makao ya wanyama waliotelekezwa pale Battersea, akaingia kazini tarehe 15 Februari 2011, cheo chake rasmi ukikileta kwetu ni Mkamata Panya Mkuu wa Ofisi ya Baraza la Mawaziri. Alianza na David Cameron, na Cameron alipoondoka 2016 watu wakauliza je anamchukua paka, serikali ikasema hapana, paka ni wa nyumba. Maskini Cameron siku yake ya mwisho ya maswali bungeni ilibidi atoe picha yake akiwa na Larry ili kukanusha uvumi kwamba hampendi! Baada yake wakaja May, Johnson, Truss, Sunak, Starmer, mawaziri wakuu sita, paka mmoja. Kwa hivyo neno lililobeba fumbo ni "wake", na hilo hamkuliuliza hata mara moja.

Ile ya mshahara nakupa nusu. Mwaka 1929 wizara ya fedha ya Uingereza iliidhinisha peni moja kwa siku ya kumlisha paka wa wizara ya mambo ya ndani. Lakini hio ni posho ya chakula, na wewe uliuliza mshahara.

"Swali la Trump ndilo lililotunyima halua. Sisi tulijibu sawa na Langoni walijibu sawa, kisha ukawapa wao. Kwa nini?" (Mwalimu, Mkomani)

Mwalimu, hapa nakubali, kosa ni langu, na nimekaa nalo siku zote hizi kama mwiba wa tasi kidoleni.

Niliuliza hivi: "Trump hakufuga mbwa Ikulu miaka ile 2017 mpaka 2021, ndiyo au hapana?" Langoni wakasema "ndiyo", wakimaanisha ndiyo, hakufuga. Vijana wenu wakasema "hapana", wakimaanisha hapana, hakufuga. Jibu ni lile lile, hakufuga mbwa wala paka muhula ule wote. Ila mtu aliyekulia Kiswahili cha nyumbani ukimuuliza "hujala?" atakwambia "ndiyo, sijala", anakubaliana na maneno yako wewe. Kijana aliyesomea Kizungu mpaka kikamwingia kwenye damu atasema "hapana, sijala", yeye hajibu maneno yako, anajibu tumbo lake. Wote wana njaa.

Mi nikashika sheria ya kwetu, nikawapa Langoni. Lakini fumbo la ndiyo na hapana halitakiwi kuwa na kikanushi ndani yake hata kidogo, na mtegaji ni mimi, ilikuwa niulize "Trump alifuga mbwa?" tukamaliza. Kwa hivyo nafuta lile swali, pointi inarudi, mko sare. Halua ilishaliwa, na hio pia najua, nilikula na mimi.

"Mjomba, mimi nilisoma kwenye simu kuwa Sultani wetu Sayyid Said alimpelekea rais wa Marekani watoto wawili wa chui milia. Ulinipa 'hapana'. Lete ushahidi." (Wa Shela)

Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote, na lingekuwa peke yake barazani tungefika alfajiri.

Hadithi inavyozunguka ni kwamba Martin Van Buren, aliyekuwa rais kuanzia 1837 hadi 1841, aliletewa watoto wa chui milia na Sultani wa Oman, akataka kuwaweka, Bunge likamkatalia. Utaikuta kwenye orodha za wanyama wa marais kila mahali. Na Sultani wa Oman zama zile ni nani? Ni Sayyid Said bin Sultan, yule yule ambaye Waamu walimkimbilia baada ya vita vya Shela, ngome yetu hii ikamaliziwa kujengwa chini ya mkono wake. Kwa hivyo naelewa kwa nini moyo ulikudunda, jambo limefika kwenu mlangoni.

Meli ilikwenda kweli, hilo ndiyo. Iliitwa Sultanah, ilitoka Maskati ikapitia Unguja, nahodha wake Ahmad bin Na'aman, ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Ilibeba tende, karafuu, pembe, ngozi, mazulia. Mkataba wa biashara na Marekani ulikuwa umeshawekwa tangu 1833, na kurudi ilirudi na vitambaa vya pamba, vile ambavyo bibi zetu mpaka leo wanaviita merikani, sasa unajua jina limetoka wapi. Zawadi za rais zilikuwemo: lulu, shali, mazulia, mafuta ya waridi, upanga wenye dhahabu, na wanyama. Wanyama wenyewe farasi wawili wa Kiarabu. Farasi, mwanangu. Chui milia hayumo.

Ile sehemu ya Bunge ndiyo ina ukweli ndani yake. Katiba ya Marekani inamkataza rais kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila Bunge kuruhusu, kwa hivyo Van Buren alisema hawezi kuzichukua yeye, Bunge likaruhusu zipokewe kwa niaba ya serikali. Na kama unataka wanyama wakali, mwaka wa nyuma yake, 1839, Sultani wa Morocco alimpelekea balozi mdogo wa Marekani pale Tangier simba dume na jike, yule bwana akawa na simba wawili ofisini hajui awaweke wapi. Sasa chukua sultani mmoja mwenye simba, mwingine mwenye farasi, rais mmoja, miaka miwili iliyogusana, mpe msimuliaji asiyejua Morocco iko upande gani na Maskati upande gani. Mi naona chui milia alizaliwa hapo.

Na ungekuwa umeuliza "Je, Sultani wetu alimpelekea Van Buren wanyama?" ningekupa ndiyo mbio mbio, ukaondoka na pointi.

"Halua ile si kamari?" (Hakuandika jina)

Hakuna aliyetoa hata shilingi, halua alileta jirani kama hidaya kwa atakayeshinda. Ukiwa bado una wasiwasi muulize sheikh wako, mi ni mtu wa paka na punda tu.

"Nilijibu NDIYO kwamba Checkers, mbwa wa Nixon, aliishi Ikulu ya Marekani. Nixon alikuwa rais, Checkers alikuwa mbwa wake, sasa ukanikata kwa lipi?" (Fundi jahazi, Matondoni)

Fundi, vyote viwili ni kweli na bado jibu ni hapana. Wewe unajua ubao unaweza kuwa mzuri na msumari ukawa mzuri na jahazi likavuja, tatizo liko kwenye kiungo.

Checkers alipata umaarufu tarehe 23 Septemba 1952. Nixon wakati huo ni seneta, anagombea umakamu wa rais pamoja na Eisenhower anayegombea urais, akatuhumiwa kwamba kuna mfuko wa dola 18,000 wanaomchangia wafuasi wake. Akatokea kwenye televisheni kujitetea, akasema kuna zawadi moja kweli alipokea, kijibwa kilichotumwa kutoka Texas, watoto wake wanakipenda, na watu waseme watakavyosema hakirudishi. Watu wakalainika, Nixon akapona. Lakini urais aliupata Januari 1969, na Checkers alikufa 1964. Hajaikanyaga Ikulu kama mbwa wa rais hata siku moja.

Ngoja nikuongeze, maana hili watu hawalijui. Miaka minane kamili kabla yake, tarehe hiyo hiyo, 23 Septemba 1944, rais Roosevelt naye alimtumia mbwa kujitetea. Mbwa wake Fala, mdogo mweusi. Wapinzani walikuwa wamezusha kwamba alimsahau Fala kwenye visiwa vya Aleutian akatuma manowari ikamchukue kwa pesa za walipa kodi, ni kama useme mheshimiwa katuma boti la serikali Kiwayu kufuata paka. Roosevelt akasema yeye na mkewe na watoto hawajali kusemwa, ila Fala anajali, ukumbi ukavunjika mbavu. Kwa hivyo ukitegewa "Je, mbwa aliwahi kumwokoa mwanasiasa tarehe 23 Septemba?", sema ndiyo, kisha uliza mwaka gani.

"Sisi Malindi tumesikia mmecheza wanyama wa viongozi na hamkutaja twiga wetu. Twiga wa Malindi alikuwa kipenzi cha mfalme wa Uchina, ndiyo au hapana? Mkisema hapana msije huku." (Mdau, Malindi)

Karibuni, tulijua mtakuja, Malindi haikosi twiga wake kwenye mazungumzo. Na nyinyi mna haki.

Twiga ndiyo. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga, wakati wa mfalme Yongle wa ukoo wa Ming, zama za safari zile kubwa za baharini za Zheng He, nahodha mkuu wa Wachina. Hebu fikirini tu mnyama yule kwenye chombo cha mbao, shingo inapita tanga, bahari ya Hindi yote, anakula nini, anakunywa nini, nani anamshika chombo kikilala upande. Mi nikimpakia mbuzi mmoja kwenye boti kutoka Mokowe najuta njia nzima.

Ila mwaka mmoja nyuma, 1414, kulikuwa na twiga mwingine aliyefika kwa Yongle, huyo alipelekwa na mtawala wa Bengali, na twiga Bengali hazaliwi, kwa hivyo alikuwa ameshavuka bahari kutoka pande zetu hizi. Huyo wa 1414 ndiye aliyechorwa ile picha maarufu, kashikwa kamba na mtu kavaa joho jekundu. Watu wanachanganya wawili hawa, sasa ukitegewa uliza kwanza: mwaka gani?

Hio ya "kipenzi" ndiyo ngumu, na hapa lugha yetu yenyewe inatuchezea. Sisi tukisema "anafuga" tunamaanisha yeyote, anafuga kuku, anafuga ng'ombe, anafuga paka, hatuulizi kama anampenda. Wazungu wanatenga mnyama wa kupapaswa na mnyama wa kukamuliwa. Ndiyo maana rais Taft, aliyekuwa na ng'ombe aitwaye Pauline Wayne akilisha kwenye majani ya Ikulu, mpaka leo Wamarekani wenyewe wanajadiliana wamtie ng'ombe huyo fungu gani. Kwetu hakuna mjadala, kafuga, ndiyo, kunywa maziwa.

Twiga wenu hakuwekwa apapaswe. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa ishara njema katika hadithi zao, anayesemekana hutokea pakiwa na mtawala mwadilifu, basi mfalme kuletewa kiumbe kama hicho akiwa hai ni heshima ya dola. Kwa hivyo: twiga ndiyo, Malindi ndiyo, mfalme ndiyo, kipenzi hapana. Tatu kwa moja, na sisi bado tunakuja.

Halafu mnipe shukrani, maana Afrika mliitetea nyinyi peke yenu. Vijana wetu hapa wakisikia "mnyama wa rais" akili inakwenda Marekani moja kwa moja, wakati mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alikuwa na simba kwenye kasri Addis Ababa na wakati huo huo ana kijibwa kidogo kinaitwa Lulu, jina kama la binti wa jirani. Na rais Houphouët-Boigny kule Ivory Coast alijaza mamba kwenye ziwa la ikulu yake Yamoussoukro, yeye kafa 1993 mamba wakabaki, mwaka 2012 mmoja akamuua mtunzaji aliyewalisha miaka na miaka. Hao nao uliza: kipenzi?

"Nipe njia ya kushinda, Ijumaa hii nakwenda na timu ya Langoni na sijui marais hata watano." (Binti wa mahamri, Langoni)

Mama, usitishike na wanaojua majina. Maswali ishirini ya ndiyo na hapana, kila moja likikata nusu, yanatenganisha vitu 1,048,576, yaani zaidi ya milioni. Wanyama wa viongozi wote duniani hawafiki huko. Ubaya ni kwamba watu wanachoma maswali kwa majina, "ni Bo wa Obama? ni Koni wa Putin?", kila jina linakata kimoja tu.

Anza na kubwa: yuko hai? ni wa Afrika? miguu minne? Kisha ukishaona umefika kwa kiongozi mmoja, acha kumuuliza kiongozi, muulize kitenzi. Alimnunua? Alipewa? Waliishi nyumba moja? Alimwacha? Mfano, usiku ule nilitega Pushinka, kijibwa cheupe ambacho Khrushchev wa Urusi aliipelekea familia ya rais Kennedy wa Marekani 1961. Mama yake Strelka alikuwa ameshakwenda angani na kurudi salama, Agosti 1960. Mlikwama maswali kumi na mbili kwa sababu hamkuuliza "alipewa na adui?" Hamkuwaza kama maadui hupeana watoto wa mbwa. Na pale Ikulu Pushinka akazaa na mbwa mwingine wa nyumba, Charlie, watoto wanne.

Au rais Coolidge wa Marekani, aliyepelekewa rakuni mwaka 1926, mnyama fulani mkia wenye pete, ili aliwe kwenye sikukuu yao ya Shukrani, familia ikashindwa kumchinja, wakamwita Rebecca wakamtia mkufu. Swali lenye ufunguo hapo ni "alikuja kama chakula?" Nani angewaza? Wewe unayepika ungewaza.

Na kama muda umekwisha, toeni mji mzuri. Mara ya mwisho mlinipa Faza nikakataa, mkanipa Pate nikakataa, mkaona nina roho mbaya. Nipeni Maskati, mbona ntafungua mdomo.

Kuna mtoto pia kaniandikia, nadhani ni yule yule wa kwenye ngazi, anauliza kama paka wake anaweza kuandikiwa barua awe Mkamata Panya Mkuu wa Lamu. Baba, huyo wako nilimwona Jumatatu pale wanapopaa samaki, panya kapita mbele yake mchana, yeye macho kwenye kichwa cha changu, hata sikio hakutikisa. Barua asubiri kwanza.